Sura ya 5: Kwani Hawakuweza Kukimbia?

Swali hili halikosi. Mwalimu wa historia wa sekondari mjini Bunda akishaeleza jinsi utawala wa Hitler ulivyoua Wayahudi wapatao milioni 6, mkono utanyooshwa kutoka nyuma ya darasa: "Mwalimu, kwani hawakuweza kukimbia?" Vijiweni Mwigobero, pale Musoma, wazee huliuliza kwa ukali zaidi. Mawakili na madaktari, watu wenye maduka na akiba benki, inakuwaje wakae kusubiri kuchinjwa?

Kwa mtu wa Mara swali hili lina mantiki yake. Huku kwetu kukimbia ni kazi ya miguu. Mpaka wa Sirari umewakata Wakurya katikati, na mtu anaweza kuwa na shamba Tarime na shangazi Isebania. Machafuko yalipolipuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wapo waliovuka kuja upande huu na watoto mgongoni. Walivuka kwanza, karatasi zikafuata. Aliyekulia jirani na mpaka wa namna hiyo hupata shida kuelewa mpaka usiovukika hadi ofisa wa nchi ya mbali, ambaye hajawahi kukuona, akubali kukugongea muhuri.

Jibu fupi ni kwamba walikimbia. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa zaidi ya 500,000. Vita ilipoanza Septemba 1939, zaidi ya nusu yao walikwisha kuondoka. Tena wengi wa waliouawa hawakuwa Wajerumani kabisa: takriban milioni 3 walikuwa Wayahudi wa Poland, na wengine wengi wa nchi za Kisovyeti, waliofikiwa na majeshi kabla hawajapata hata nafasi ya kufunga mizigo. Hao hatuwezi kuwauliza kwa nini hawakupanda meli.

Hata hivyo, kati ya 1933 na 1941 kulikuwa na miaka minane ambayo Ujerumani yenyewe ilikuwa ikiwasukuma Wayahudi watoke. Kutoka kulipigwa marufuku Oktoba 1941. Kabla ya hapo kikwazo kikubwa kilikuwa upande wa pili, kwa wale waliotakiwa kuwapokea. Sura hii inamhusu huyo mwenye mlango. Na habari zake zinapita karibu na kwetu: zinapita Mombasa, Uasin Gishu, Tengeru na Ziwa Victoria, na kuna siku Tanganyika ilitajwa kwa jina ndani ya Bunge la Uingereza.

Kukimbia kwa karatasi

Mateso hayakuja yote siku moja. Kwanza Wayahudi walifukuzwa kazi serikalini. Septemba 1935 zikapitishwa sheria za Nuremberg, zilizowavua haki za uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria, na Wayahudi wa huko nao wakaingia kwenye mtego uleule. Kisha usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yalichomwa moto nchi nzima, maduka yakavunjwa vioo, na wanaume wapatao 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kambini. Wengi wa hao waliachiwa kwa sharti moja: uoneshe kwamba unahama.

Unahamaje? Chukua familia moja ya mji wa Breslau, baba, mama na mtoto, inayotaka kwenda Kenya. Ilihitaji kuwa na haya:

- Pasipoti, ambayo tangu Oktoba 1938 iligongwa herufi J, ili kila ofisa wa mpakani, hata wa nchi nyingine, ajue mara moja kwamba mwenyewe ni Myahudi.
- Hati ya kuthibitisha kwamba haidaiwi kodi, ikiwemo kodi maalumu ya kuhama iliyokomba sehemu kubwa ya mali.
- Kibali cha kuingia, yaani viza, kutoka nchi inayoipokea.
- Tiketi za meli zilizokwisha kulipiwa.
- Fedha ya dhamana ya kuweka kwa serikali ya Kenya: pauni 50 kwa kila mtu.

Kila karatasi ilikuwa na mwisho wake wa kutumika. Viza ikichelewa, hati ya kodi inakwisha muda. Hati ikipatikana upya, meli imekwisha kuondoka. Maafisa waliojua kazi yao waliweza kumzungusha mtu mwaka mzima bila kumwambia hata mara moja kwamba amekataliwa. Yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaujua mzunguko huo, isipokuwa huku kwetu ukishindwa unarudi nyumbani kulala.

Tazama hiyo dhamana. Pauni 50 zilikuwa sawa na shilingi 1,000 za Afrika Mashariki, wakati ambapo kibarua wa shamba alilipwa shilingi kama 10 kwa mwezi. Mzungu aliyezoea maisha ya mjini angeweza kuzipata, lakini Ujerumani ilimruhusu Myahudi anayehama kutoka na maki 10 tu mfukoni. Serikali moja inamnyang'anya fedha mlangoni, nyingine inamdai fedha hizohizo mlangoni. Waliofika Kenya walifika kwa kuchangiwa na ndugu waliotangulia au na jumuiya ndogo ya Wayahudi wa Nairobi, iliyokuwapo tangu mwanzo wa karne ile.

Jambo la kushangaza kidogo: baadhi yao walisafiri kwa meli za Kijerumani. Kampuni ya Ujerumani iliyohudumia pwani yetu ilikuwa na meli zilizopewa majina ya kwetu, kama Usambara, Usaramo na Ussukuma. Wenye meli walitaka nauli, basi.

Mkutano wa kupeana pole

Julai 1938 Rais Roosevelt wa Marekani aliitisha mkutano wa kujadili wakimbizi hao. Nchi 32 zilituma wajumbe katika mji wa Évian, Ufaransa, kando ya Ziwa Geneva, nao wakakaa katika Hoteli Royal kuanzia tarehe 6 hadi 15. Kabla hata ya kukaa, Marekani ilikuwa imetangaza kwamba hakuna nchi itakayotakiwa kubadili sheria zake za uhamiaji. Uingereza nayo ikakubali kuja mradi Palestina, iliyokuwa chini yake, isizungumzwe. Mkutano unaoanza hivyo umekwisha kabla ya kufunguliwa.

Wajumbe walisimama mmoja mmoja. Kila mmoja alieleza masikitiko yake, kisha akaeleza shida za kwao: ukosefu wa ajira, mashamba machache, wahamiaji waliokwisha kujaa. Mjumbe wa Australia, nchi iliyo karibu sawa na bara zima na yenye watu wachache, alisema kwao hakuna tatizo la rangi na hawana haja ya kuliagiza kutoka nje. Ni Jamhuri ya Dominika tu, nchi ndogo ya visiwa vya Karibi, iliyojitolea kupokea watu hadi 100,000. Usiharakishe kuisifu. Mtawala wake, Trujillo, alikuwa mwaka mmoja kabla ameua maelfu ya Wahaiti, naye alikuwa akitafuta jina jema. Mwishowe waliofika katika makazi ya Sosúa walikuwa mamia tu.

Mwaka uliofuata mambo yakadhihirika baharini. Meli ya St. Louis iliondoka Hamburg tarehe 13 Mei 1939 ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi wenye karatasi za kuingia Kuba. Havana ikawakataa, ikishusha watu 28 tu. Meli ikazunguka karibu kabisa na Florida, taa za Miami zikionekana, na Marekani haikufungua. Ikarudi Ulaya. Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi ziligawana abiria, kisha Ujerumani ikazivamia tatu kati ya hizo nne. Abiria 254 walikufa katika maangamizi. Hao walikuwa wamekwisha kukimbia. Walikuwa wamefika.

Kwa ufupi: hadi mwaka 1939 tatizo la Wayahudi wa Ujerumani lilikuwa kupokelewa zaidi kuliko kutoka.

Baba alitoa Uasin Gishu, mwana akataja Tanganyika

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, tena kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza ilikuwa 1903. Baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, katika dola ya Urusi, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikipa chama cha Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe pendekezo la ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, zilizoko Kenya ya leo. Mpango huo unaitwa Mpango wa Uganda hadi leo kwa sababu eneo lile lilikuwa limehesabiwa chini ya Uganda hadi mwaka uliotangulia. Walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere walipiga kelele. Wakaguzi watatu walitumwa kuiona ardhi, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa chama hicho huko Basel ukaukataa mpango. Wanandi na Wamasai, wenye nchi, hawakuulizwa katika hatua yoyote.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 21 Novemba 1938, siku kumi na moja tu baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa. Waziri Mkuu Neville Chamberlain, mtoto wa Joseph yuleyule, alisimama bungeni kueleza Uingereza ingefanya nini. Alitaja Guiana ya Kiingereza huko Amerika Kusini, na akataja Tanganyika: mashirika ya hiari yangeweza kutuma watu kukagua ardhi.

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, yaani nchi iliyonyang'anywa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kukabidhiwa Uingereza iisimamie kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Hitler alikuwa akidai arudishiwe makoloni. Wajerumani kwa maelfu walikuwa bado wanalima hapa, wengi wao wakiwa wafuasi wa chama chake. Kuwaweka wakimbizi wa Kiyahudi katikati ya watu hao lilikuwa wazo la ajabu, na kwa mawazo yangu Chamberlain alijua hivyo. Tamko lilimsaidia kujibu maswali ya wiki ile. Makazi makubwa ya Wayahudi Tanganyika hayakujengwa kamwe.

Mwaka huo kijana mmoja wa Butiama, Kambarage, alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa amemaliza Mwisenge, Musoma, na tangu 1937 alikuwa akisoma Tabora. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Serikali ya Kiingereza ilimtambua mtemi, ikamtumia kukusanya kodi na kuamua kesi. Lakini mtemi yeyote wa Tanganyika, awe wa Mara au wa Iringa, hakuitwa kuulizwa kama nchi ina nafasi ya wageni, na kama ipo, wakae wapi na kwa masharti gani.

Ukiunganisha 1903 na 1938 unaona tabia moja. Wakubwa wa dunia walikuwa wepesi kutoa ardhi ya wengine na wazito kufungua ya kwao. Palestina ni hivyohivyo. Waarabu wa Palestina waliasi kuanzia 1936 hadi 1939 kupinga ujio uliopangwa bila wao, na Uingereza, ikiogopa kuwapoteza Waarabu vita inapokaribia, Mei 1939 ikaweka kikomo cha Wayahudi 75,000 kwa miaka mitano. Waliolipa gharama ya hesabu hiyo walikuwa watu waliokuwa bandarini Ulaya wakingoja meli.

Wachache waliofika Kenya

Kenya ilipokea mamia kadhaa. Maarufu kuliko wote ni mtoto wa miaka mitano, Stefanie Zweig, aliyeletwa na mama yake mwaka 1938 kumfuata baba aliyetangulia. Baba alikuwa wakili Ujerumani. Kenya alipata kazi ya kusimamia shamba la mlowezi, kazi asiyoijua hata kidogo, kwa mshahara mdogo. Mtoto akakua akizungumza Kiswahili na Kijaluo, na alipokuwa mtu mzima akaandika riwaya yenye maisha yake mwenyewe, *Nirgendwo in Afrika*, iliyotoka 1995. Filamu yake ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Katika riwaya hiyo mtu anayeishika familia isianguke ni mpishi wa Kijaluo, Owuor, wa kabila lilelile tulilonalo Shirati na Kinesi. Wazungu wa kilabu ya walowezi hawamo kwenye nafasi hiyo.

Septemba 1939 Uingereza ilipoingia vitani, wakimbizi hao walikamatwa. Kisheria walikuwa raia wa Ujerumani, kwa hiyo walihesabiwa kuwa raia wa adui. Wanaume walipelekwa kambini, na wanawake na watoto wakawekwa hotelini, wengi wao katika Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Hitler aliwafukuza kwa kuwa si Wajerumani, Waingereza wakawafunga kwa kuwa ni Wajerumani. Waliachiwa baada ya muda, na baadhi ya wanaume, akiwemo baba yake Stefanie, wakajiunga na jeshi la Uingereza.

Bahati hiyo wengine hawakuipata. Desemba 1940 Uingereza iliwatoa Haifa Wayahudi wapatao 1,580 waliofika Palestina bila kibali, ikawasafirisha hadi kisiwa cha Mauritius, kwenye Bahari yetu ya Hindi. Walikaa gereza la Beau Bassin hadi 1945. Zaidi ya 120 walifia huko.

Mwaka 1942 nafasi ikapatikana

Sasa tufike kwenye jambo linalovunja hoja zote za Évian.

Mwaka 1940 na 1941 Urusi ya Stalin iliwachukua raia wa Poland kwa mamia ya maelfu na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Ujerumani ilipoishambulia Urusi, Stalin akakubali kuwaachia, na mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000, wanajeshi na raia, wakavushwa kwenda Iran. Raia wale, wengi wakiwa wanawake na watoto yatima, waliodhoofika kwa njaa na taifodi, walihitaji mahali pa kukaa. Waingereza wakawaleta Afrika.

Jumla yao katika makoloni ya Mashariki na Kusini mwa Afrika ilifika takriban 18,000. Tanganyika ilipata kambi Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu wapatao 5,000: vibanda vya mviringo vyenye kuta nyeupe na paa za nyasi vilivyopangwa kwa safu, shule, hospitali, kanisa, mashamba ya mboga. Uganda ilikuwa na Nyabyeya, karibu na Masindi, na Koja, kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria, ziwa hilihili la Musoma. Kijana yule wa Butiama aliingia Makerere mwaka 1943. Koja haiko mbali na Kampala, na Wapolandi walikuwapo miaka yote aliyosoma pale.

Walio wengi walikuwa Wakatoliki, Wayahudi miongoni mwao wakiwa wachache. Makaburi ya waliofia Tengeru, karibu 150, bado yanatunzwa hadi leo.

Fikiria maana yake. Mwaka 1938, wakati wa amani, meli zikiwa tele, Afrika Mashariki haikuwa na nafasi ila kwa mwenye pauni 50 mkononi. Mwaka 1942, wakati wa vita, manowari za adui zikiwinda meli baharini, chakula kikiwa cha mgao, na vijana wetu, Wakurya na Wajaluo wa Mara wakiwamo, wakiwa wamechukuliwa jeshini, nafasi ya maelfu ya watu ilipatikana ndani ya miezi.

Zipo tofauti, na msomaji makini atanikumbusha. Poland ilikuwa mshirika wa Uingereza na serikali yake iliyokuwa uhamishoni London ilichangia gharama. Wapolandi waliahidiwa kuwa wageni wa muda, wakati Wayahudi wangekuja kukaa moja kwa moja. Haya yote ni kweli. Lakini ni sababu za siasa na fedha. Hakuna hata moja inayohusu ukosefu wa ardhi au nafasi, na ukosefu huo ndio uliotajwa kwenye hotuba za Évian.

Je, hawakujua?

Hili ni swali la pili linalofuata la kwanza. Walijua. Tarehe 17 Desemba 1942 Uingereza, Marekani, Urusi na washirika wao walitoa tamko la pamoja kwamba Ujerumani ilikuwa ikiwaua Wayahudi wa Ulaya kwa mpango. Miezi minne baadaye Uingereza na Marekani zilikutana Bermuda kujadili wakimbizi. Mkutano ulifunguliwa tarehe 19 Aprili 1943, siku ileile Wayahudi waliozingirwa Warsaw walipoanza kupigana na jeshi la Ujerumani kwa bastola na mabomu ya kienyeji. Bermuda ikafungwa bila jambo la maana. Wakati huo milango ya Ulaya ilikuwa imefungwa na Wajerumani kutoka ndani, kwa hiyo idadi ambayo ingeokolewa ilikuwa ndogo kuliko mwaka 1938. Ndogo si sifuri.

Butiama, na medali ya 1983

Baada ya vita, aibu hii ilizaa sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulisema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi au msimamo wa siasa. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Abiria wa St. Louis ndio waliokosa ibara hiyo. Mwanzoni mkataba uliwahusu tu watu waliokimbizwa na matukio ya kabla ya 1951, nao walikuwa hasa wa Ulaya. Mwafrika alikuja kuingizwa baadaye. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaongeza mkataba wake, ukimtambua pia anayekimbia vita, uvamizi na vurugu kubwa, bila kumdai athibitishe kwamba yeye binafsi anawindwa.

Tanzania ya Mwalimu Nyerere, ndiye Kambarage yule wa Butiama, ilitangulia kuutekeleza kabla wino haujakauka. Watutsi waliokimbia Rwanda, Wamsumbiji waliokimbia vita vya Wareno na Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 walipewa ardhi ya kulima. Katumba, Ulyankulu na Mishamo zilikuwa misitu, wakazifyeka na kuvuna. Mwaka 1980 Wanyarwanda zaidi ya 36,000 walipewa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa medali ya Nansen, tuzo kubwa ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi. Baadaye, mwaka 2014, Warundi wa 1972 na watoto wao zaidi ya 160,000 walipata uraia. Nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani ilifanya kile ambacho karibu nchi zote 32 za Évian zilisema hakiwezekani.

Sisi wa Mara hupenda kuishia hapo, medali ikiwa imerudi nyumbani. Kuna sehemu ya pili.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Ngara ikawapokea. Miti ya kilomita nyingi kuzunguka kambi ya Benaco iliishia kuwa kuni, visima vikakauka, na miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji wa kimbari waliotumia kambi kujipanga upya. Mzigo ulikuwa wa kweli, na dunia ilichangia kwa kuchelewa. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi, watu wakiwa bado wanakimbia. Desemba 1996 serikali ikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla ya mwisho wa mwezi. Waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi waligeuzwa na askari. Takriban nusu milioni walirudi, wengine kwa hiari, wengine kwa fimbo.

Kufananisha Desemba 1996 na mwaka 1938 moja kwa moja ni makosa. Rwanda ya 1996 haikuwa Ujerumani ya Hitler, na Tanzania ilikuwa imekwisha kubeba watu hao zaidi ya miaka miwili. Ila hoja zilizotolewa, kwamba hatuna nafasi, kwamba tumebeba vya kutosha, kwamba wengine nao wabebe, ndizo zilizosikika Évian, na safari hii zilisemwa kwa Kiswahili. Zilikuwa na ukweli ndani yake, kama zilivyokuwa na ukweli kule. Kosa lilikuwa kuzitumia kufuta haki ya mtu mmoja mmoja kusikilizwa kabla ya kurudishwa, na kwa hilo naihukumu serikali yetu kama ninavyowahukumu wale wa Évian.

Mwenye mlango ni nani leo?

Mwaka 1938 mwenye mlango alikuwa konseli, ofisa wa ubalozi katika jengo la mawe mjini Berlin au Vienna. Kwetu sivyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mtu anayeomba hifadhi aripoti ndani ya siku 7 tangu avuke mpaka, na inataja wa kumwendea: ofisa aliyeidhinishwa, mlinzi wa amani, au ofisa mtendaji wa kijiji.

Basi kama wewe ni mtendaji wa kijiji cha mpakani, Tarime au Rorya, kazi hiyo ni yako kwa mujibu wa sheria, hata kama hukuwahi kuelezwa siku unaajiriwa. Akija mtu asiye na pasipoti na anasema anawindwa, usimrudishe njiani. Mwandike jina, alikotoka na tarehe aliyofika, kisha toa taarifa wilayani siku hiyohiyo.